Kuudhi

Mwaka 2024 watu waliosoma katika shule ya msingi niliyopata kuiongoza walianzisha kundi la WhatsApp. Walipotimia mia moja na ushei wakaniingiza na mimi, mwalimu wao mkuu wa zamani, na baada ya siku tatu za salamu mwenyekiti wao akanipigia simu. "Shikamoo Mwalimu. Tunaomba utuandikie kanuni za kundi. Zile za shule si uliziandika wewe?" Niliitikia marahaba, nikacheka, nikakubali. Sikujua kwamba kazi hiyo ndogo ingenifanya nisome sheria za nchi kadhaa na kukesha kwa ajili ya neno moja.

Ili kunirahisishia kazi, mwenyekiti alinitumia mfano wa kanuni alizozinakili kutoka kundi la watu wengine. Ya kwanza ilisema kwamba ni marufuku kutuma ujumbe wowote wa kuudhi, na kwamba atakayekiuka atachukuliwa hatua kwa mujibu wa sheria za mitandao. Nilimwuliza ni sheria ipi hiyo. Akasema, "Ipo, Mwalimu. Kila mtu anajua ipo." Jibu la namna hiyo sikulikubali darasani na sikulikubali uzeeni. Nilimwomba mjukuu wangu, anayesoma sheria, anichapie kifungu chenyewe pamoja na vya jirani zetu. Aliniletea bahasha nene, akaniambia, "Babu, usije ukavisahihisha kama insha." Lakini nilihitimu Chuo cha Ualimu Mpwapwa mwaka 1972 na nimesahihisha insha kwa miaka 38, kusoma kwa namna nyingine sikujui. Basi haya yanayofuata, msomaji, yachukue kuwa ni masahihisho ya mwalimu mstaafu, si maoni ya mwanasheria.

Sheria yenyewe ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta iliyotungwa nchini kwetu mwaka 2010, na kifungu ni cha 118. Kwa Kiswahili changu, aya yake ya kwanza inamtia hatiani mtu yeyote ambaye, kwa kutumia mtandao au huduma zake, anatunga au kuanzisha kwa makusudi upelekaji wa maoni, ombi, pendekezo au mawasiliano mengine yaliyo machafu, yasiyo ya adabu, ya uongo, ya kutisha au ya kuchukiza, kwa nia ya kumuudhi, kumtukana, kumtisha au kumbughudhi mtu mwingine. Adhabu iliyoandikwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Ni adhabu yenye sakafu. Dari yake katika kifungu hicho sikuiona.

Sarufi ya sentensi hiyo haina kosa. Tatizo lake ni neno dogo kuliko yote, yaani "au". Upande mmoja kuna sifa tano za ujumbe, upande wa pili kuna nia nne za mtumaji, na zote zimeunganishwa kwa "au". Zichanganye moja moja utapata makosa 20 ndani ya sentensi moja. Mengi kati yake hakuna mtu mwenye akili atakayeyatetea. Uchafu uliotumwa kwa nia ya kumtisha mtu, naam, aliyeutuma ashtakiwe. Uongo uliotumwa kwa nia ya kumbughudhi mtu, naam, vivyo hivyo. Lakini miongoni mwa hayo 20 limo hili pia: jambo la kuchukiza, lililosemwa kwa nia ya kumuudhi mtu. Si lazima liwe uongo, wala si lazima liwe tusi. Ukweli mtupu, mradi uwe mchungu na msemaji awe amekusudia uchungu huo umfikie mwenyewe, unaingia humo bila kugonga mlango, na sakafu ya adhabu ni ile ile ya yule aliyetishia kuua. Mwanafunzi angeniletea sentensi kama hiyo ningeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Umechanganya. Tenga."

Nikaja kwenye neno lenyewe. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, na neno lililotumika ni "annoy". Mwaka 2021 Bunge letu lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, uamuzi nilioufurahia kama mzazi anavyofurahia mwanawe kuvalishwa joho. Tangu hapo nimekuwa na tabia ya kujaribu kila kifungu kwa kukitafsiri, kwa sababu tafsiri ni kama kupeta mchele, pumba huonekana. Nilifungua kamusi, kisha nikaifunga, nikaanza kuandika mwenyewe maneno yote yanayogombea nafasi hiyo. Mtoto anayeuliza maswali mengi anasumbua. Redio ya jirani usiku inakera. Mgeni anayekaa miezi mitatu anaghasi. Mtu anayekufuata njiani ukimkataza anabughudhi. Mwenzako akisema hadharani jambo uliloomba lisisemwe amekuudhi. Akisema la uongo amekukashifu, akikutaja mama yako kwa ubaya amekutukana, na akikuvua nguo mbele za watu amekufedhehesha. Mswahili hachanganyi mambo haya. Mzee wa baraza akiletewa shauri la kutukanwa huuliza kwanza, "Alisemaje?" na neno likitajwa hukata kama ni tusi ama silo. Akiletewa shauri la kuudhiwa huuliza swali tofauti kabisa: "Uliudhika kwa nini?" Hapo anayechunguzwa ni mlalamikaji! Kuudhi si sifa iliyomo ndani ya maneno, ni jambo linalotokea ndani ya aliyeyasikia. Yule aliyetunga sheria ameweka kipimo cha kosa ndani ya kifua cha mwenye kulalamika, na kifua hicho hakuna hakimu anayeweza kukiingia na futikamba.

Nilidhani udhaifu huo ni wa kwetu. La hasha. Nilipoendelea na ile bahasha ya mjukuu wangu niliona jambo ambalo kila mwalimu amewahi kuliona saa nne za usiku akisahihisha madaftari chini ya taa ya chemli. Daftari la huyu lina kosa la pekee. Unafungua la mwenzake, kosa lile lile, herufi kwa herufi. Mtoto anayenakili majibu sahihi ni vigumu kumkamata, kwa sababu jibu sahihi ni moja. Anayenakili kosa anajifunga mwenyewe.

Kosa la pekee katika sheria hizi ni kishazi kimoja kidogo. Aya ya pili ya kifungu chetu cha 118 inamzungumzia mtu anayeanzisha mawasiliano kwa nia ya kumuudhi mtu katika namba au anwani yoyote ya kielektroniki, "mawasiliano yakifuata au yasifuate." Katika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya Uganda ya mwaka 2011, kifungu cha 25, nikakuta kwamba ni kosa kuvuruga amani na utulivu wa mtu kwa mawasiliano ya kielektroniki, "mazungumzo yakifuata au yasifuate." Nikajiuliza, maana yake nini? Nikiandika Facebook, mazungumzo gani hayo yafuate au yasifuate? Kishazi hicho hakina kazi pale kilipo. Kimekaa kama tairi la akiba kwenye baiskeli.

Kazi yake niliiona nilipofika kwenye karatasi za Marekani. Mwaka 1968 Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria juu ya simu za kubughudhi. Kulikuwa na watu waliokuwa wakipiga simu usiku, mara nyingi kwa wanawake, wakipumua tu bila kusema neno, kisha wakikata. Ili wasijitetee kwamba hawakusema kitu, sheria ikasema kuwa ni kosa kupiga simu bila kujitambulisha kwa nia ya kumuudhi, kumtukana, kumtisha au kumbughudhi mtu aliyeko kwenye namba iliyopigwa, mazungumzo yakifuata au yasifuate. Hapo kishazi kina maana, tena maana ya kibinadamu. Mwaka 1996 Marekani ikatunga sheria ya adabu katika mawasiliano, ikayapanua maneno hayo yaingie kwenye kompyuta. Mwaka 1998 Malaysia ikatunga Sheria ya Mawasiliano na Multimedia, na kifungu chake cha 233 kikayachukua, kikaongeza sifa ya "kuchukiza". Sasa weka kifungu hicho cha 233 cha mwaka huo kando ya kifungu chetu cha 118. Sifa tano zile zile kwa mpangilio ule ule. Nia nne zile zile kwa mpangilio ule ule. Sina ugomvi na kunakili. Sheria nyingi duniani zimenakiliwa na si vibaya. Ugomvi wangu ni kunakili bila kujua swali lililokuwa likijibiwa.

Maana huko Marekani kwenyewe kilitokea kisa cha kuchekesha. Kampuni moja ya California iliyoitwa ApolloMedia ilifungua ukurasa wa intaneti ikaupa jina annoy.com, ili watu wawaandikie wakubwa wa serikali ujumbe wa kuwaudhi kwa makusudi, kisha ikaenda mahakamani kuuliza kama kweli hilo ni kosa. Mahakama ikasema kwamba kifungu kile kisomwe kuwa kinahusu uchafu wa zinaa tu, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikauthibitisha uamuzi huo. Kwa hiyo neno tulilolipokea kwa heshima mwaka 2010 lilikuwa limekwisha kung'olewa meno kule lilikotoka miaka 11 kabla.

Kenya wao walinakili daftari jingine, la Mwingereza. Kifungu cha 29 cha sheria yao ya mawasiliano ya mwaka 1998 kilikataza kutuma ujumbe wenye kuchukiza mno, au wa uongo kwa lengo la kusababisha udhia, usumbufu au wasiwasi usio wa lazima. Maneno hayo yanatoka katika sheria ya posta ya Uingereza ya mwaka 1935. Wakati huo simu nyingi zilipita katika mikono ya wasichana waliokaa vituoni wakiunganisha nyaya, na wapo waliopiga kwa ajili ya kuwatolea maneno machafu wasichana hao. Wanaoieleza historia ya sheria ile husema ilitungwa kuwakinga wao. Mimi nawakumbuka wasichana wa namna hiyo, hata sisi tulikuwa nao katika ofisi za posta, ukiinua mkono wa simu unasikia sauti, "Namba?" Kama sheria ilikuwa ya kuwalinda, mimi naipigia makofi.

Lakini tazama jinsi mambo yanavyobadilika neno likihamishwa. Katika simu kuna watu wawili na waya mmoja. Aliyeko upande wa pili hakuomba kupigiwa, hawezi kwenda kando, na hakuna anayefaidika na lile analoambiwa. Kumuudhi mtu huyo ni kumwonea tu. Mtandao wa leo si waya, ni gulio. Anayeandika pale anawaandikia elfu moja, na yule mmoja anayeudhika huenda ndiye aliyekuwa akizungumziwa: mkandarasi wa barabara, mwenyekiti wa kijiji, waziri. Neno lililotungwa kumkinga msichana wa posta dhidi ya mtu asiyejulikana, bila kubadilishwa hata herufi, linageuka kuwa ngao ya mwenye cheo dhidi ya mwenye swali. Mwaka 2016 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mtu mmoja kwa maneno aliyoyaandika Facebook ya kumkashifu Rais. Akatakiwa kulipa shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka 3. Sisemi kwamba alisema vyema. Nasema kwamba msichana wa posta hayumo tena katika habari hii.

Mwaka 2018 zilikuja kanuni zetu za maudhui ya mtandaoni, zile zilizomtaka hata mwenye blogu kulipia leseni shilingi milioni 1. Katika orodha ya yaliyokatazwa yakatajwa maudhui yanayosababisha udhia. Hapo hata nia imeachwa nje. Yatosha kwamba mtu ameudhika. (Mwalimu wa Kiswahili hawezi kupita bila kuona kwamba kati ya maudhui na maudhi imebaki herufi moja tu, ijapokuwa mizizi yake katika Kiarabu ni mbalimbali.) Kanuni hizo zilifutwa na mpya kuwekwa mwaka 2020.

Nimefika mahali ambapo ningependa kuruka, nami sitaruka, kwa sababu ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Kanuni za shule yetu niliziandika mwenyewe mwaka 1980 kwa mwandiko wa kuchonga, zikabandikwa ubaoni nje ya ofisi. Zilikuwa 15. Ya tisa ilisema: "Mwanafunzi haruhusiwi kufanya wala kusema jambo lolote la kuudhi." Niliiona nzuri. Ilikuwa fupi na ilifunika kila kitu. Enzi hizo, kwa mujibu wa Elimu ya Kujitegemea, kila shule ilikuwa na shamba, na sisi tulilima mahindi. Mwaka 1984 watoto walivuna magunia 12. Tulikuwa pia na gazeti la ukutani, nalo nililianzisha mimi, nikijivunia kwamba watoto wangu wanajifunza kuandika. Siku moja mwezi wa Agosti mvulana wa darasa la saba alibandika habari yake yenye mistari mitatu, kwa mwandiko safi: kwamba tumevuna magunia 12, kwamba ghalani yamo 8, na je, panya wa shule yetu wanaweza kula magunia manne kwa mwezi mmoja?

Walimu walicheka. Mimi niliudhika. Nakumbuka vizuri kwamba masikio yalinipata moto. Habari ile haikuwa ya uongo, kwa hiyo sikuweza kumshtaki kwa uongo. Hakukuwa na tusi ndani yake. Hakumtaja mtu. Nikatoka nje, nikasimama mbele ya ubao wangu mwenyewe, nikazipitia kanuni moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, mpaka nikaifikia ya tisa. Ilinifaa kabisa. Nilimchapa viboko sita mbele ya mstarini na nikamrudisha nyumbani wiki tatu, zikiwa zimebaki wiki nne kabla ya mtihani wa kumaliza shule. Mtihani aliufanya. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Nafasi zilikuwa chache sana miaka ile na huenda asingechaguliwa hata hivyo. Sentensi hii nimejiambia mara nyingi.

Basi nilipokuwa nikisoma hukumu za mahakama katika ile bahasha, sikuzisoma kama mtu wa mbali. Ya kwanza ilitoka India. Huko sheria ya teknolojia ya habari ya mwaka 2000 ilirekebishwa mwaka 2008 na kuongezwa kifungu cha 66A, chenye udhia na usumbufu ndani yake. Novemba 2012 alifariki mwanasiasa Bal Thackeray na jiji la Mumbai likasimamisha shughuli. Binti mmoja katika mji wa Palghar akaandika Facebook kuhoji kwa nini jiji zima lifungwe. Mwenzake akabonyeza alama ya kupenda. Wote wawili walikamatwa. Mwanafunzi wa sheria, Shreya Singhal, akaenda Mahakama ya Juu, na tarehe 24 Machi 2015 kifungu kikafutwa.

Sababu aliyoitoa Jaji Nariman ingemfurahisha mwalimu yeyote aliyewahi kukaa katika chumba cha kusahihishia mitihani ya taifa. Alichukua kesi mbili za Uingereza. Ya kwanza ni ya mtu aliyekuwa akipiga simu ofisi ya mbunge wake na kutoa maneno ya ubaguzi wa rangi: mahakama za chini zikasema maneno ni mabaya lakini si ya kuchukiza mno, na Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho wakati ule, likasema mwaka 2006 kwamba ni ya kuchukiza mno. Ya pili ni ya kijana aliyefanya mzaha kwenye Twitter mwaka 2010, uwanja wa ndege ulipofungwa kwa theluji, kwamba atausambaratisha. Huku mahakama mbili zilimwona ana hatia ya kutisha, na mwaka 2012 ya juu yao ikaona ni mzaha tu. Jaji akauliza, kama wataalamu waliosomea kazi ya kupima wanapewa maneno yale yale na wanatoka na majibu yanayopingana, mwananchi wa kawaida atajuaje mpaka uko wapi kabla hajauvuka? Sisi tulikuwa tukisema hivi: swali ambalo wasahihishaji wawili wanalipa alama 2 na 9, kosa si la mtahiniwa. Swali lifutwe.

Mwaka uliofuata, tarehe 19 Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya alikifuta kifungu cha 29, katika kesi ya Geoffrey Andare aliyekamatwa kwa maneno aliyoyaandika Facebook. Alisema maneno ya kifungu hayakufafanuliwa popote, yakaachwa yategemee hisia za mtu. Na tarehe 10 Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikakifuta kifungu cha 25 pamoja na kile kishazi cha simu za kupumua. Hata Mwingereza mwenyewe, kwa sheria ya usalama mtandaoni ya mwaka 2023, ameyaondoa yale maneno ya udhia, usumbufu na wasiwasi katika kosa la ujumbe wa uongo kwa upande wa England na Wales, na tangu Januari 2024 mashtaka ya ujumbe wa uongo yanahitaji nia ya kuleta madhara ya kweli ya mwili au ya akili, yasiyo madogo.

Lakini hukumu niliyoikumbuka zaidi si hukumu, ni tanbihi. Miaka sita baada ya kifungu cha India kufutwa, Mahakama ya Juu iliambiwa kwamba polisi wanaendelea kuwafungulia watu mashtaka kwa kifungu hicho hicho. Majaji walishangaa. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akaeleza namna inavyokuwa: katika vitabu vya sheria vilivyochapishwa kifungu bado kimo, na habari kwamba kimefutwa imewekwa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Askari anafungua kitabu, anaona kifungu, anakitumia. Nani husoma tanbihi? Nilicheka peke yangu sebuleni, kisha nikaacha kucheka, kwa kuwa ubao wangu wa kanuni 15 niliuacha ukining'inia pale nilipohamishwa mwaka 1991, na sijui ulikaa miaka mingapi zaidi.

Nisieleweke vibaya. Mwalimu mwenzangu mmoja, mjane, aliwahi kupata miezi mitano ya ujumbe wa usiku kutoka kwa mtu aliyemkatalia posa, picha chafu na vitisho vya kumzulia mambo kwa wanawe. Alipokwenda kulalamika aliambiwa abadilishe namba. Na hakuna mstaafu katika nchi hii asiyewahi kupokea ujumbe wa kumtaka ile hela aitume kwenye namba hii. Anayesema mtandao uachwe bila sheria hana simu, au hana mama. Ninachosema ni kwamba yule mjane hakuudhiwa, alibughudhiwa na kutishwa, na lugha yetu inayo maneno hayo. Sheria iliyoweka vitu vyote kwenye kapu moja haikumsaidia. Afisa aliyemsikiliza aliona ni mambo ya kuudhiana tu.

Kanuni za kundi nilizimaliza baada ya wiki mbili. Ziko sita. Usitume picha ya mtu bila ruhusa yake. Usimwandikie mtu faraghani baada ya yeye kukuambia basi. Usitangaze msiba wala mchango kabla mwenyekiti hajathibitisha kwa familia. Usitukane, likitokea bishano kama neno ni tusi ama silo, wazee watatu waliotajwa kwa majina wataamua. Usieneze habari ya ugonjwa wa mtu. Ya sita inasema kwamba mwenye swali kuhusu fedha za kundi aliulize hapo hapo mbele ya wote, na mweka hazina alijibu ndani ya siku 7. Mwenyekiti alizisoma, akanipigia. "Mwalimu, umesahau ile ya kuudhi." Nikamwambia sikusahau.

Yule mvulana wa magunia yumo kundini. Ana miaka 54 sasa, ni fundi wa simu mjini, na picha aliyojiwekea ni ya wajukuu wawili. Siku kanuni zilipobandikwa nilikaa mpaka saa tano usiku nikiandika kwa kidole kimoja, nikamtaja kwa jina, nikamwambia nalijibu swali lake lililobandikwa Agosti 1984. Magunia yalikuwa 12 kama alivyohesabu. Mawili waligawana walimu, maana mshahara ulikuwa umechelewa. Moja lilikwenda na mgeni kutoka wilayani. La nne lilikuja nyumbani kwangu. Panya hawakula kitu. Nilimwambia pia kwamba kanuni ya tisa niliitafuta baada ya kukasirika, si kabla.

Asubuhi mwenyekiti alinipigia mapema. "Shikamoo Mwalimu. Ule ujumbe wa jana, tuufute? Humu mna watoto wa wale walimu wengine, na baadhi yao wameudhika." Nilimwuliza umevunja kanuni ya ngapi. Akanyamaza kidogo, nikasikia akizipitia. Ujumbe bado upo. Alama mbili za buluu zilitokea siku ile ile, na fundi wangu hajajibu.